Tupeane uzoefu: shule za pembezoni mwa mji Mtwara na Lindi, ambako karibu darasa zima linatoka nyumba zisizo na kitu

Mabibo (mleta mada):

Wakuu, kuchele. Nimo kwenye kamati ya shule moja ya msingi ya serikali, pembezoni mwa Manispaa ya Mtwara Mikindani. Jina la shule naliacha, wala msianze kubashiri huko chini. Mwalimu mkuu wetu ni mtu mwema, sitaki aitwe ofisini kwa sababu ya uzi wangu.

Ninachotaka tuelezane ni hiki. Umaskini wa mtoto mmoja darasani tunaujua, wengine humu ndio tulikuwa mtoto mwenyewe. Jirani yake anampa karatasi ya katikati ya daftari, mwalimu anamnunulia kalamu, siku zinakwenda. Mimi naongelea shule ambayo mtoto wa namna hiyo ndiye karibu darasa zima. Hapo mambo yanabadilika kabisa, na sioni tukiliongelea.

Chukueni hesabu. Ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka. Kati ya hizo 4,000 zinabaki juu kwa ajili ya vitabu, 6,000 ndizo zinashuka shuleni. Shule ya watoto 900 inapata milioni 5.4 kwa mwaka, sawa na laki nne na nusu kwa mwezi. Humo humo toa chaki, karatasi, bawaba za mlango, mitihani, michezo. Shule ya katikati ya mji yenye watoto 900 inapata laki nne na nusu hiyo hiyo, hakuna aliyependelewa.

Tofauti inaanza serikali ikishamaliza kutoa. Waraka wa elimu bila malipo wa 2016 ulimwachia mzazi sare, madaftari, matibabu, na chakula cha mtoto wa kutwa. Kule mjini wazazi ni watu wa bandari, benki, halmashauri, hospitali, walimu wenyewe. Wanakaa kikao jioni moja, mlinzi kapatikana, mpishi kapatikana, mtihani wa kila mwezi unadurufiwa. Wakiwepo wazazi wanne wasio na uwezo, waliobaki wanawabeba wala hakuna anayehisi uzito. Kwetu wazazi ni vibarua wa maghala ya korosho, wanawake wanaobangua kwa ujira, wauza ming'oko stendi, wavuvi wa ngalawa za watu. Na mabibi. Mabibi wengi mno walioachiwa wajukuu. Kikao kinajaa, watu wanasikiliza kwa adabu, wanaafiki kila hoja, halafu kofia inapita na kurudi na elfu kumi na nne. Nani ambebe nani?

Karibuni walimu, wazazi, mliosoma huko, mliohama huko. Siasa za vyama kuna jukwaa lake.


Chaki Moja:

Mleta mada umenigusa. Mimi ni mwalimu, Manispaa ya Lindi, kata ya nje kidogo ya mji. Nimeshafundisha shule zote mbili unazozisema, ya katikati na ya pembeni.

Kule katikati nilikuwa nao watoto wenye shida watano au sita darasani. Nilijua majina yao, nilijua nani baba yake amelazwa na nani anaishi na mama wa kambo. Asiye na daftari nilikuwa naingia dukani mwenyewe. Nilijiona mwalimu mzuri sana, na kweli nilikuwa.

Huku nina darasa la pili lenye watoto zaidi ya mia, wakati kipimo cha serikali ni 45. Nitamnunulia nani niache nani? Kwa hiyo kilichobaki ni kubana. Penseli nakata vipande vitatu kwa wembe, nagawa asubuhi, kipindi kikiisha nakusanya kwenye kopo la maziwa. Wageni wakija wanadhani ni roho mbaya. Ikienda nyumbani inachukuliwa na mdogo wake, kesho anakuja mikono mitupu, na mimi sina kingine.

Lakini linaloniuma ni mtihani wa ubaoni. Hatuna karatasi za kudurufu, basi naandika maswali ubaoni, nusu kwanza, wakimaliza nafuta naandika nusu ya pili. Wa nyuma hawaoni vizuri, wengine wamekaa chini. Juzi nasahihisha hisabati, mtoto mmoja swali lilikuwa 43 ongeza 25, yeye kanakili 48 ongeza 25, kaandika 73. Hesabu yake ni sahihi, kabeba moja kama nilivyomfundisha, tena lake ni gumu kuliko langu. Lakini jibu si la swali nililouliza. Nikaangalia madaftari ya safu yote ile ya nyuma, kumejaa makosa ya namna hiyo. Sasa ukileta ripoti kwamba shule yangu hisabati iko chini, unanipima mimi, unampima mtoto, au unapima bei ya rimu ya karatasi?

Mwenzao wa mjini anapewa mtihani uliochapwa kila mwisho wa mwezi. Akifika wa taifa wa darasa la nne ameshazoea karatasi ya mtihani inavyofanana. Wangu wengine karatasi iliyochapwa ya mtihani wanaishika mara ya kwanza siku ya mtihani wa taifa.


Toyo wa Mikindani:

Mwalimu Chaki, shikamoo. Hilo la kunakili swali vibaya limenitokea sana, leo ndiyo naambiwa kumbe nilikuwa najua hesabu 😂

Mimi nimesoma shule ya hivyo hivyo, sasa naendesha bodaboda. Niongeze la msimu. Mtaani kwetu kuanzia mwezi wa kumi nusu ya nyumba zinafungwa. Watu wanaelekea Tandahimba, Newala, Masasi, kuokota korosho kwenye mashamba ya watu, kwa ujira wa ndoo. Mtoto wa miaka tisa utamwacha na nani? Anafungwa kwenye safari. Huko anaokota, anakamua mabibo, yale matunda ya mkorosho, anarudi mwezi wa kwanza. Mimi nilikuwa narudi nakuta wenzangu wako kwenye kugawanya kwa njia ndefu, nakaa nyuma kimya.

Ila kumbuka wenzangu nao walikuwa wachache, maana tuliondoka wengi. Mwalimu akirudi nyuma kutufundisha sisi, waliobaki wanachoka. Akiendelea mbele, sisi ndio basi tena. Darasa likiwa na mmoja aliyeenda korosho mwalimu anamkalisha na kiranja wiki mbili kashakaa sawa.


Mama Pacha:

Niseme ukweli wangu na mnitukane mkitaka. Nilikuwa na watoto wangu mapacha shule ya namna hiyo, Mtwara. Nina genge la mboga na mume ni fundi umeme, si matajiri ila tunaweza elfu mbili ya uji na mia tano ya mtihani. Kila kikao wachangaji ni sisi sisi, watu kama kumi. Mimi, mke wa mwalimu, yule baba wa mashine ya kusaga, mama wa duka la dawa. Mwaka wa kwanza unachangia kwa moyo. Mwaka wa pili unaanza kuhesabu, kwamba elfu mbili yangu inalisha watoto wangapi na wangu anapata kikombe kimoja.

Mwaka wa tatu nikawahamisha kwenda shule ya mjini, tena ya serikali vilevile. Asubuhi wanapanda bajaji ya kulipa kwa mwezi. Wanakula, wanafanya mitihani iliyochapwa, wanaleta ripoti. Sijuti. Mtoto hasubiri mpaka shule ipone.


Mabibo:

Mama Pacha hakuna wa kukutukana dada yangu, ningekuwa na nauli ya bajaji huenda nami ningefanya vivyo hivyo. Ila kaa chini tuhesabu. Ulipoondoka wewe, mama wa duka la dawa alibaki?


Mama Pacha:

Aliondoka muhula uliofuata. Wa mashine ya kusaga akapeleka wa kwake Ingilishi Midiamu.


Mabibo:

Ndiyo hapo. Katika wachangaji kumi wameondoka watatu, na idadi ya watoto shuleni haijapungua hata kidogo, maana kila mwezi wanahamia wengine. Ruzuku inahesabu vichwa. Kwenye karatasi za halmashauri shule ni ile ile, watoto 900, laki nne na nusu. Hakuna fomu inayoonyesha kwamba mfuko wa pili, ule wa wazazi, umetoboka.


Sauti ya Ukweli:

Mnazunguka tu. Watu wa kusini fedha za unyago wanazipata wapi? Mwezi wa kumi na mbili ngoma kila kona, pilau, vitenge sare, spika mpaka alfajiri. Ukimwomba elfu mbili ya uji anakuambia hana. Umaskini mwingine ni wa kujitakia.


Chaki Moja:

Ndugu, na mimi nilikuwa na mawazo hayo nilipofika kutoka Kilimanjaro. Nenda kakae kwenye unyago mmoja uone nani katoa nini. Mjomba katoa kuku, jirani katoa ndoo ya mchele anayodaiwa tangu ngoma ya mwaka juzi, spika zimekodiwa kwa ahadi. Mama mwenye mwali mkononi anaweza asiwe na elfu tano. Ni deni la ukoo linazunguka, halichukuliki ukalipeleka kwa mhasibu wa shule.

Jambo la pili, angalia kalenda. Pesa za korosho zinaingia mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili au mwanzoni mwa mwaka. Vibarua wa maghala na wa bandarini nao wanachangamka miezi hiyo hiyo, hasa tangu msimu wa 2023/24 korosho zilipoelekezwa zote zipite bandari ya Mtwara. Shule sisi tunaitisha michango lini? Shule zikishafunguliwa Januari, tunakumbushia Februari, tunafoka Machi. Machi hapa ni masika, chakula cha ndani kimeisha, hakuna kibarua. Tunaomba pesa mwezi ambao mtu anaazima unga.


Mwana wa Ruangwa:

Nawasoma tangu asubuhi. Mimi niko kijijini, mkoa wa Lindi huo huo, na nitawashangaza kidogo: sisi ni maskini kuliko ninyi lakini watoto wetu wanakula.

Shule yetu ina ekari za mikorosho, wazazi wanapalilia kwa zamu, mnadani korosho za shule zinauzwa kwa jina la shule. Kwenye mkutano wetu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, tuliafikiana kiasi kidogo kwa kilo kiende kwenye shule, kinakatwa hata kabla mtu hajaona malipo yake, basi hakuna anayelia. Na asiye na pesa analeta debe la mahindi au mbaazi. Mpishi ni zamu ya kina mama. Makande saa sita.

Ninyi wa pembeni ya mji mmekosa huku na huku. Shamba la shule hamna, eneo limepimwa viwanja. AMCOS hamna, ninyi ni vibarua wa korosho, hamna hata mche. Mshahara hamna kama watu wa katikati. Mnaitwa watu wa manispaa, mgeni anaona bati na nguzo ya umeme, anadhani kila kitu kipo.


Nahodha Mstaafu:

Huyo wa Ruangwa kasema neno. Niongeze historia kidogo kwa vijana, maana hivi vitongoji vya nje ya Mtwara havikuota kama uyoga bila sababu. Miaka ya 2012 na 2013 wakati habari za gesi zimepamba moto, viwanja vya mjini vilipanda bei kila wiki. Watu waliokaa Magomeni na Kiyangu tangu enzi za babu zao waliuza. Wengine waliuza vizuri, wengine waliuza kwa pupa. Wakahamia nje, wakajenga, wakanunua pikipiki. Bomba la gesi likaelekea Dar es Salaam, makampuni yakapunguza watu, hoteli zikabaki na walinzi. Pesa ya kiwanja ikaisha, pikipiki ikachakaa, watoto wakaongezeka, na shule ya karibu ni ile ile iliyokuwa ya kitongoji, yenye madarasa saba.


Kutoka Baridini:

Salaam kutoka Minnesota, mimi ni mtoto wa Lindi mjini. Kuna baridi ya kukata masikio. Naendesha lile basi la shule la njano, nje ya jiji la Minneapolis. Nimesoma uzi huu wakati nasubiri kengele ya kutoka, nikaona niseme, maana mtashangaa: jambo lenyewe liko na huku.

Nilipofika niliamini maskini wa Marekani wako katikati ya majiji, na vitongoji vya nje ni vya watu wa bustani na magari mawili. Siyo tena. Tangu miaka ya 2000 maskini wanaoishi vitongoji vya nje ya majiji ni wengi kwa idadi kuliko wa ndani ya majiji yenyewe. Kodi za nyumba mjini zimepanda, watu wanasukumwa nje, shule zilizojengwa kwa ajili ya watoto wa wenye nafasi zinajikuta na watoto wengine kabisa. Ni kama hadithi ya Nahodha, bila gesi.

Huku sehemu kubwa ya fedha za shule inatoka serikali ya jimbo na kodi ya majengo ya eneo hilo hilo. Serikali kuu inatia kama moja ya kumi tu. Eneo lenye nyumba za bei linakusanya kodi nyingi, lenye nyumba zilizochoka linakusanya kidogo. Naona kwa macho yangu. Shule mbili ninazohudumia hazipishani hata robo saa kwa basi. Moja wazazi wana chama chao, wanafanya mnada wa hisani jioni moja, wananunua ala za muziki. Nyingine mwalimu wa muziki ni wa siku mbili kwa wiki na katoni za karatasi mwalimu ananunua mwenyewe.

Binti yangu anasomea ualimu, amenieleza kwamba hili wamelijua zamani. Mwaka 1966 walitoa ripoti ya Coleman, waliopimwa ni wanafunzi kama laki sita nchi nzima, ikaonekana mtoto anaathiriwa kwanza na hali ya nyumbani kwao, halafu na hali za wale anaosoma nao, kuliko hata majengo na maabara. Kwa hiyo mtoto maskini katikati ya wenye nafasi na mtoto maskini katikati ya maskini wenzake hawapo shule moja, hata kama ubao ni ule ule.

Wanachojaribu kufanya: kuna fedha zinaitwa Title I, zipo kisheria tangu 1965, zinafuata wingi wa watoto maskini. Shule ambayo maskini wamefika asilimia 40 inaruhusiwa kuzitumia kwa shule nzima badala ya kumnyooshea kidole mtoto mmoja mmoja. Si nyingi kama mnavyodhani, lakini angalau kuna mtu anahesabu.

Na kuhesabu kwenyewe kuna vituko. Walikuwa wanajua nani maskini kwa fomu ya chakula cha mchana, mzazi anajaza kipato. Mwaka 2023 jimbo letu likapitisha sheria watoto wote wale bure shuleni. Jambo zuri, nimeshangilia. Lakini wazazi wakaacha kurudisha fomu, kwa nini wajaze wakati chakula ni bure? Sasa shule inaweza kuonekana haina maskini wengi kwenye karatasi, na fungu linapungua. Walimu wanawabembeleza wazazi wajaze, hata mimi nimepewa bahasha nigawe kwenye basi.


Toyo wa Mikindani:

Kaka wa baridini, kwa hiyo na Marekani mwalimu ananunua karatasi mwenyewe? Duh. Nilikuwa nimekata tamaa, sasa sijui nimekata zaidi au nimefarijika.


Afisa Kata Mstaafu:

Nimefanya kazi ya kusimamia elimu ngazi ya kata, wakati ule tukiitwa waratibu. Niweke mambo matatu mezani kwa faida ya mleta mada.

Kwanza, michango. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango shuleni, na alikuwa na sababu: watoto walikuwa wanarudishwa nyumbani kwa ajili ya elfu mbili. Baadaye ikafafanuliwa kwamba wazazi wakitaka kuchangia kwa hiari yao, mwalimu asishike pesa na mtoto asiguswe. Nimeona shule mbili zikiishi na agizo lile. Ya mjini wazazi walikwenda benki, wakafungua akaunti, wakaweka mweka hazina wao, mambo yakaendelea baada ya mwezi. Ya pembeni hapakuwa na mzazi aliyekuwa tayari kushika hata daftari la fedha, walikuwa wanaogopa. Uji ukafa siku hiyo hiyo.

Pili, majengo si karatasi. Tumepata madawati kwa kampeni ya 2016. Tumepata madarasa kwa fedha za UVIKO za 2021, elfu kumi na tano nchi nzima kwa sekondari na vituo shikizi, yaani vile vishule vidogo vilivyo chini ya shule mama. Haya yote nimeyashuhudia na nayashukuru. Darasa jipya lina ufunguzi, lina utepe, lina picha. Karatasi ya mtihani wa mwezi haijawahi kukatiwa utepe, na hakuna anayeuliza imetoka wapi.

Tatu, na hili Mabibo lichukue. Ndugu wa Marekani anasema kwao kuna mtu anahesabu. Hapa kwetu kuhesabu kupo pia, ila kunafuata kaya na mtaa, hakufuati shule. TASAF, ule mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, wana orodha ya kaya hizo kila mtaa, zimejadiliwa kwenye mkutano wa hadhara, na sharti mojawapo la ruzuku yake ni mtoto kuhudhuria shule angalau asilimia 80 ya siku za masomo. Maana yake mwalimu wako tayari anajaza fomu za mahudhurio ya watoto hao. Zijumlishe. Kaa na mwalimu mkuu, toa hesabu moja: watoto wetu kadhaa kati ya 900 wanatoka kaya hizo. Majina yabaki ofisini, mtoto asitangazwe. Lakini namba ipeleke kwenye kamati ya maendeleo ya kata, mpe diwani aingie nayo baraza la madiwani. Mimi nimekaa kwenye vikao vile miaka mingi. Ukisema "shule yetu ni maskini" kila mwenyekiti anasema na yake ni maskini. Ukileta namba na jirani yako hana, unasikilizwa, walau mpaka chai.


Mabibo:

Mzee wangu shikamoo na ahsante. Sikuwahi kufikiria zile fomu za TASAF, zinapita mbele yangu kila mara, nilidhani ni za kwao tu.

Nimemwonyesha mwalimu mkuu uzi huu kwenye simu. Kacheka pale kwa Chaki Moja, akasema kopo lake yeye ni la kahawa. Tumekubaliana mambo mawili ya kupeleka kwenye kamati. Kukusanya tuhamishie Novemba, na atakayeleta mbaazi au mihogo mikavu ipokelewe kama pesa, aandikwe. Na hesabu ya kaya tuianze wiki hii.

Sasa tumekwama hapa. Makisio yetu, tukibahatika, Novemba tutapata kitu kisichotosha vyote viwili. Ama uji kwa darasa la awali mpaka la pili, ama karatasi za mtihani wa mwezi kwa la nne na la saba. Mwalimu mkuu anataka karatasi, mimi moyo uko kwenye uji. Mnasemaje?


Chaki Moja:

Karatasi. Na mimi niliyesema hivyo nafundisha la pili, watoto wangu ndio watakaokosa uji.


Mama Pacha:

Uji. Mtoto mwenye njaa hata umchapie mtihani kwa dhahabu anasinzia saa nne. Halafu Chaki Moja, uji ukiwepo hata watoro wa Toyo wanarudi, wanakuja kufuata kikombe, mengine utawafundisha hapo hapo.


Toyo wa Mikindani:

Wanarudi kweli. Mimi ningerudi.


Mwana wa Ruangwa:

Kabla hamjapiga kura, ulizeni kuni. Kwetu kuni ni bure, mtoto anakuja na kijiti chake. Pembeni ya mji kuni zinanunuliwa, na ndizo zinaua uji wa watu wengi, si unga. Pigeni hesabu ya kuni na maji kwanza ndipo mlinganishe na rimu.


Afisa Kata Mstaafu:

Sahihi kabisa. Na mweka hazina awe mzazi, si mwalimu. Mtafuteni kabla ya Novemba, kazi yake ndiyo ngumu kuliko zote mlizotaja.


Mabibo:

Kuni hatukuziweka kwenye makisio. Nampigia mwalimu mkuu sasa hivi. Kuhusu mweka hazina, kuna bibi mmoja hapa mtaani anaendesha kikoba cha wanawake na hakuna aliyewahi kumlalamikia hata shilingi. Hajui kusoma vizuri, ila ana mjukuu wake la sita anayemwandikia. Mzee, hilo linakubalika kisheria au watatukataa?


Afisa Kata Mstaafu:

Mwandishi mpeni mzazi mwingine anayejua kusoma, mjukuu asitie mkono kwenye daftari la shule anayosoma. Bibi ashike pesa na ahesabu mbele ya watu. Muhtasari wa kikao usainiwe na wote wawili.